Niliyoyajua Kabla ya Kiapo

Jumatano, 2 Novemba 1994

Nimeshinda kwa kura sabini na moja. Mimi Specioza Ishengoma, umri miaka ishirini na mitano, mwanafunzi wa sheria niliyesimamishwa masomo mwaka wa tatu kwa kuongoza mgomo, ndiye diwani wa Kata ya Bwiruma, kwa tiketi ya chama ambacho miaka mitatu iliyopita kukiunda tu kungekuwa jinai. Waliodhani vyama vingi ni mchezo wa watu wa Dar es Salaam waje huku ziwani wajionee.

Teodora, wakala wangu wa kura, alikaa kituoni tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi sanduku la mwisho bila kugusa maji, ili asilazimike kutoka nje hata mara moja. Matokeo yalipotangazwa midomo yake ilikuwa imepasuka. Akanitazama, akasema, "Haya Mheshimiwa, hotuba zimekwisha. Sasa utafanya nini?" Nikamjibu kwa hotuba. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa mujibu wake mimi hata nikinunua chumvi namhutubia muuzaji.

Lakini ahadi niliyoitoa sokoni naiandika hapa ili initazame: diwani wenu hatakuwa na chumba kilichofungwa. Kitakachosemwa juu yenu mtakisikia kutoka kinywani mwangu.

Jumapili, 6 Novemba

Mvua. Baada ya misa watu watatu wameniita Mheshimiwa. Mmoja wao alikuwa akinidhihaki, nami sikuweza kutambua ni yupi.

Alhamisi, 10 Novemba

Imekuja barua kutoka kwa Katibu Tarafa. Mbali na kiapo cha udiwani, natakiwa kula kiapo cha kutunza siri kabla sijakaa katika Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Kata. Bila kiapo, hakuna kiti. Bila kiti, kata yangu itajadiliwa nikiwa nje ya mlango.

Tazameni ujanja huo! Mwananchi anapewa karatasi ya kura ili amchague msemaji wake, kisha msemaji anapewa karatasi nyingine ya kumfunga kinywa. Nilikwenda na hasira hiyo hadi kwa Teodora, aliyekuwa ananipima gauni la kuapishwa, pini zimejaa mdomoni. Nilizunguka na kurusha mikono mpaka akanishika mabega nitulie. Akatoa pini, akasema nile tu hicho kiapo. "Mimi nimetunza siri zako tangu uko kidato cha pili, na hakuna aliyenipa karatasi ya kutia sahihi."

Niandike huyu ni nani kwangu, maana shajara nyingi husahau kuwaandika watu wa karibu. Wazazi wake walikimbia Rwanda wakaingia Karagwe. Yeye alizaliwa huko Karagwe mwaka 1966, katika zahanati ya misheni ambamo mama yangu alikuwa muuguzi. Mama ndiye aliyemkata kitovu, na kila Krismasi alitusimulia jinsi mtoto yule alivyokataa kulia hadi alipopigwa mara tatu. Mwaka 1987 Teodora alikuja Mwanza na sanduku moja, akafikia kwetu, akalala kitandani kwangu wakati mimi niko shule ya bweni. Baadaye akapanga chumba karibu na soko na kuweka cherehani. Mama alifariki mwaka 1991, na Teodora ndiye aliyemshonea sanda. Namwita dada, na simwiti hivyo kwa adabu tu.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimekula kiapo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema kabla ya kutia sahihi, nikayasema. Bwana Mihayo, Katibu Tarafa, aliyasikiliza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, kisha akanisogezea kalamu. Si mtu mkorofi. Alisema kwa upole kwamba jukwaani mtu huomba kura, na mle ndani hushika dola, na kwamba vitu hivyo viwili havifanani hata kidogo.

Kamati ina watu watano: yeye mwenyewe, Mtendaji wa Kata, mkuu wa kituo cha polisi, mshauri wa mgambo, na mimi. Wanne wameteuliwa. Mimi peke yangu nimepigiwa kura, na ni mimi peke yangu niliyeapishwa leo mbele ya wenzangu, kwa kuwa wao inasemekana waliapa zamani. Nikauliza nani alishuhudia. Mkuu wa kituo akacheka, akasema, "Huyu dada atatufurahisha."

Jumamosi, 19 Novemba

Samaki bado hawanunuliki. Tangu miili ya waliouawa Rwanda ilipoletwa na mto hadi ziwani mwezi wa Mei, watu wanasema sato wana ladha ya binadamu. Wanakula maharage na kutazama maji.

Jumanne, 22 Novemba

Kikao cha kwanza. Siwezi kuandika.

Jumatano, 23 Novemba

Siandiki.

Alhamisi, 24 Novemba

Nitaandika. Kuanzia mstari huu shajara hii ni kosa la jinai, na anayeishika ashike akijua.

Yametoka maelekezo kwamba, kwa sababu ya vita ya jirani, wageni wote watambuliwe. Jumamosi tarehe 3 Desemba sungusungu, walinzi wa jadi wa kata nzima, watakuwa na mkutano wao mkuu katika uwanja wa shule. Siku hiyo yatasomwa majina kumi na moja. Kwa kila jina itaulizwa: nani anamjua? Atakayekosa wa kumsemea atapanda lori litakalokuwa limesimama nyuma ya madarasa, apelekwe kambi za mpakani. Watu wasijue siku wala lori, wasije wakatawanyika. Hiyo ndiyo siri.

Jina la nne ni Teodora.

Mihayo alisoma jalada lake: jina la baba, mwaka wa kuvuka, kijiji. Niliruka kitini. Nikawaambia huyu amezaliwa Karagwe, kwamba mama yangu alimpokea kwa mikono yake, kwamba kwa sheria niliyofundishwa aliyezaliwa katika ardhi hii baada ya uhuru ni wa ardhi hii. Nikawaambia kambi hizo zimejaa watu waliowachinja ndugu zake mwaka huu huu, na kumpeleka kule si kumrudisha kwao bali ni kumkabidhi. Nilizungumza vizuri. Pengine sijawahi kuzungumza vizuri kama siku ile.

Mihayo aliandika kidogo, akafunga jalada. "Mheshimiwa, hayo umeyasema humu, na humu yatabaki. Ni sehemu ya kikao sasa. Uwanjani utakaa meza kuu pamoja nasi, na hutayarudia."

Nikaomba tupige kura. Nikaambiwa kamati hii haipigi kura. Sheria imenipa kiti, basi.

Nimefikiri siku mbili. Nikimwonya nitakamatwa, na kata hii iliyothubutu kwa mara ya kwanza itapoteza sauti yake kabla haijasikika. Wanangoja nikosee, wanangoja kwa hamu. Lakini iko njia ya tatu, njia ya sheria. Jumatatu tarehe 5, kwa kuwa kwenda kabla ya hapo ni kuifichua siku yenyewe, nitakuwa mahakamani na hati ya kiapo kuhusu kuzaliwa kwake. Na huenda hata hatafika kwenye lori: mtaa mzima unavaa nguo alizoshona. Wa kumsemea watakosekanaje?

Jumapili, 27 Novemba

Nilikwenda kwa Teodora. Anakata sare za shule za Januari, vitambaa vya bluu vimefunika kitanda hadi kwenye mto wa kulalia. Nikamwambia aende Bukoba wiki moja kumpa pole Baba, ambaye yuko huko kwenye msiba wa kaka yake. Alishangaa. Wiki hii? Na sare zote hizi? Nikasema hewa ya Bukoba ni nzuri. Akasema, "Spe, tangu lini unajali hewa?" Halafu akauliza kwa nini simtazami.

Nilimtazama. Nikasema nimechoka na vikao.

Alinipikia ndizi. Nilikula zote.

Alhamisi, 1 Desemba

Mvua ya mawe. Mabati mawili ya zahanati yameng'oka.

Jumamosi, 3 Desemba

Uwanja ulijaa kabla ya saa nne asubuhi. Sungusungu walikuja kwa safu, pinde mabegani, filimbi shingoni, wakakaa chini kwa mafungu ya mitaa yao. Mimi nilikuwa meza kuu, kati ya Mihayo na mkuu wa kituo, katika gauni lile lile la kuapishwa. Chuoni niliwahi kuandika insha ndefu kuhusu jeshi hili la jadi; niliita mikutano yao mahakama ya mishale. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuhudhuria.

Kiongozi wao, ambaye kwa Kisukuma wanamwita ntemi, ni Mzee Luhaga, mfupi, mwenye koti la mvua lililokatwa mikono. Alisoma majina mwenyewe, taratibu, na baada ya kila jina aliuliza mara tatu. Jina la kwanza mama mmoja alisimama akasema, "Alifikia kwangu, namjua," na mtu yule akarudishwa akae. La pili vivyo hivyo. La tatu hapakuwa na sauti. Mwanamume mmoja akaondolewa.

Kisha, Teodora.

Alisimama katikati ya wanawake wa sokoni. Hakuwa na hofu. Alikuwa amebeba kitambaa cha bluu mkononi, kana kwamba ameitwa mara moja atoke dukani na atarudi. Mzee Luhaga akauliza, "Nani anamjua?" Wala hakuutazama umati. Alitazama meza kuu.

Umati nao ukageuka kutazama meza kuu. Nilidhani wanaitazama serikali. Niliwatazama wanawake wa sokoni, nikiwasihi kwa macho: semeni, nyinyi hamkuapa. Hakuna aliyesema. Akauliza mara ya pili. Chini ya meza Mihayo hakunigusa, hakunikanyaga, hakufanya lolote. Lazima niliandike hilo, kwa kuwa ningependa kuandika vingine. Kila nilichokijua juu ya Teodora nilikuwa nimekwisha kukisema kikaoni, na cha kikaoni kilikuwa kimefungwa. Nilijiambia: Jumatatu. Mahakamani, Jumatatu.

Mara ya tatu Teodora mwenyewe alisema, si kwa sauti kubwa, "Spe."

Wanawake wakatazama chini. Mzee Luhaga akangoja zaidi ya alivyongoja kwa wengine. Akasema, "Haya." Wakampeleka nyuma ya madarasa. Mmoja wa sungusungu alimsaidia kupanda, akampa na kitambaa chake.

Jumatatu, 5 Desemba

Mahakamani. Karani alisoma hati yangu, akaisifu lugha yake. Akauliza mlalamikaji yuko wapi, maana ni lazima atie sahihi yeye mwenyewe. Nikasema amekwisha kuondolewa. Akasema basi alipo ndipo ombi lipelekwe.

Jumatano, 7 Desemba

Nilimfuata Mzee Luhaga nyumbani kwake. Anabangua karanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanipa kigoda. Nilikuja na hasira, sikufichi wewe karatasi: nilitaka kumwambia watu wake ni waoga, wanavaa nguo za mtu kisha wanamtupa.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza Teodora alipokuja Mwanza alifikia nyumba ya nani.

Nikasema kwetu.

"Sasa nani mwingine angesema?"

Akanieleza kama mtu anavyomweleza mgeni njia. Mgeni ana mwenyeji, ndiyo nyumba iliyompokea siku ya kwanza. Nyumba hiyo ndiyo inayojibu, na ikijibu inabeba: mgeni akiharibu, adhabu ni yao wote. Mpaka nyumba hiyo ijibu, hakuna mtu mwingine anayefungua kinywa, kwa sababu kusema kabla yake ni kumwambia mwenyeji kuwa amekosea kunyamaza, kwamba wewe unajua ubaya au wema wa mgeni wake kuliko yeye. Baba yangu hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Wanawake wa sokoni walikuwa tayari kusimama nyuma yangu, kumi au ishirini. Walichongoja ni neno moja.

"Tukakuona umekaa na serikali, umenyamaza," akasema. "Tukajua kuna kitu kibaya umekiona huko ndani, ambacho sisi hatukijui. Mtu hamwachi dada yake bure."

Nikamwambia kuhusu kiapo. Mtendaji angenikamata kwa hilo pia. Mzee Luhaga alibangua karanga tatu au nne.

"Kiapo kilikukataza kusema unamjua?"

Aliniuliza hilo mimi. Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu.

Jumapili, 11 Desemba

Baba amerudi. Alikuwa ameambiwa tangu stendi. Hakuvua viatu, alikaa mbele yangu, akaniomba nimsomee maneno ya kiapo kama yalivyo. Nikamsomea nakala yangu: kwamba sitatoa habari yoyote iliyonifikia kwa sababu ya wadhifa wangu.

Baba alikuwa mwalimu miaka thelathini. Aliinua kidole kama aliye darasani. "Iliyokufikia kwa sababu ya wadhifa. Kwamba Teodora alizaliwa Karagwe, habari hiyo ilikufikia kwa sababu ya wadhifa gani?"

Nikasema niliisema kikaoni.

"Kuisema kwao hakukuifanya iwe yao. Uliijua kutoka kwa mama yako."

Akaenda chumbani. Usiku hatukula pamoja, wala hakuna aliyemkataza mwenzake.

Niiandike hoja yote, kwa kuwa ni hoja rahisi mno. Siri ilikuwa siku na lori. Asubuhi ile pale uwanjani siku ilikuwa imefika na lori lilikuwa linaonekana. Hapakuwa tena na siri. Niliyokuwa nayo yalikuwa yangu: kitovu, sanduku, kitanda, sanda. Niliyajua kabla ya kiapo, na hakuna dola iliyonidai. Nikayakabidhi mwenyewe, kwa ufasaha, nikasimama mlangoni pa ghala lao nikiyalinda.

Nilizoea kusema serikali inawafunga watu vinywa. Mihayo hata hakunikanyaga mguu.

Jumanne, 20 Desemba

Barua kutoka kwa Sista Tereza, anayehudumu katika zahanati ya kambini. Anaandika kwamba Teodora alikaa nao siku nne, akishona mashuka ya wagonjwa kwa mkono. Siku ya tano, asubuhi, kwenye foleni ya maji, walimfuata watu walioujua ukoo wake. Walimzika Jumatatu, tarehe 12. Alikuwa amemtajia Sista jina langu na kata yangu, akiniita ndugu, ndiyo maana barua imenifikia mimi.

Jumapili, 25 Desemba

Baba alikwenda misa ya kwanza, mimi ya pili.

Jumatatu, 9 Januari 1995

Kikao. Kuna majina mengine sita. Sikuhutubu. Nilisema tu kwamba uwanjani nitasema ninachokijua juu ya mtu yeyote ninayemjua, na wanikamate wakitaka. Mihayo alifunga jalada, akasema hana neno.

Nilipotoka, Elias alikuwa ananingoja barabarani. Elias ni fundi baiskeli aliyetoka Ukerewe. Ana lafudhi ngeni kwa watu wa hapa, na bibi aliyempokea alikwisha kufa, nyumba yake imebomolewa. Hakuuliza kama yumo. Alisema tu kwamba kwa kuwa mwenyeji wake hayupo, yeyote anaweza kumsemea. "Mheshimiwa, wewe unakujua kwetu. Ulikuja na kina mama wa chama, mama yangu akawapikia. Utasimama?"

Nikasema nitasimama. Akasema asante, kisha akaendelea kusimama pale, kana kwamba angependa niseme tena.

Jumamosi, 14 Januari

Hakuna mvua leo. Uwanja ule ule. Safari hii sikukaa meza kuu; nilikaa chini na wanawake wa sokoni. Walinipisha nafasi kubwa kuliko niliyoihitaji.

Jina la Elias lilikuwa la pili. Mzee Luhaga aliuliza mara ya kwanza, nami nikasimama kabla hajafunga kinywa. "Namjua. Nimefika kwao Ukerewe, nimekula chakula cha mama yake. Mimi nitambeba."

Minong'ono ikapita. Mzee Luhaga akainua mkono.

"Tumekusikia, Mheshimiwa. Kabla hatujapokea, nikuulize moja. Teodora ulimjua?"

Nilijua angeuliza. Nilikuwa na majibu marefu. Nimeyatunga mwezi mzima.

"Nilimjua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipopata akili. Mama yangu ndiye aliyempokea alipozaliwa."

Hakuna aliyenizomea. Ningeshukuru wangenizomea. Mama aliyekuwa jirani yangu alivuta kanga yake, isiniguse.

Mzee Luhaga alisema, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote, "Kaa, mwanangu. Hapa hatupokei neno la mtu aliyemjua wa kwake akamnyamazia. Si mimi niliyeiweka hivyo." Akageukia umati, akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu. Lakini waliokuwa tayari kumsemea Elias sasa walikuwa na jina langu juu ya jina lake, na hakuna aliyetaka kusimama mahali niliposimama mimi.

Elias alikwenda nyuma ya madarasa bila kusukumwa. Alikuwa na pampu ya baiskeli mfukoni, ikagonga bati la lori alipokuwa anapanda.

Mkutano ulipofungwa Mihayo alinijia hadi nilipokaa, akainama, akanipa karatasi ya mahudhurio ya kamati nitie sahihi. Jina langu limechapwa la kwanza, juu ya la kwake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndio utaratibu: mjumbe aliyechaguliwa na wananchi hutangulia.

Nimetia sahihi.